Gauni la Kitinda Laanza Kusema

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananisoma: mimi ni fundi cherehani, na nyumbani wananiita Dada Shoti. Jina hilo sikupewa kwa mapenzi. Tangu nilipoanza kujifunza mambo ya nyaya, betri na vitaa, kengele yetu ya mlango imewahi kulia mchana kutwa bila mgeni, na pasi ya Mama imewahi kuzima umeme wa jengo zima. Mimi nikishika bisibisi, Mama anashika kifua.

Wiki iliyopita niliwaacha ukumbini. Mdogo wangu wa mwisho, Kitinda, amesimama mbele ya meza ya msajili wa ndoa pamoja na mchumba wake, Mhasibu. Wageni wote wamekaa nyuma yao. Gauni nimelishona mwenyewe, na kwenye mkia wake, chini ya kitambaa chepesi, nimetandaza vitaa vinavyoandika maneno. Unaandika kwenye simu, maneno yanapita kwenye mkia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya adabu kabisa: ASANTENI KWA KUJA.

Yaliyowaka hayakuwa hayo.

NDOA HII BADO.

Ukumbi mzima ukasoma kwa sauti, kama darasa la kwanza mbele ya ubao.

Msajili alikuwa ameinamia makaratasi yake. Akainua kichwa. "Kuna pingamizi?"

"Hakuna!" Mama akadakia kabla mtu hajapumua. Akanigeukia. "Shoti. Zima."

"Mama, si mimi."

"Ni nani mwingine kwenye ukoo huu anayewasha vitu visivyotakiwa kuwaka?"

Nikatoa simu yangu mbio mbio, nikatafuta gauni kwenye orodha ya vifaa vilivyo karibu. Nilikuwa nimelipa jina kwa majivuno: GAUNI LA KITINDA. Nikaligusa. Simu ikanijibu bila huruma: Kifaa kinatumika na SIMU YA MAMA.

Kidude nilichokishonea mle ndani kinamsikiliza mtu mmoja tu. Aliyetangulia katangulia.

Jamani, jasho lilinitoka hadi kwenye visigino. Maana mimi ndiye ninayesoma masomo ya usalama wa kompyuta kwenye simu kila jioni, halafu nawasumbua wenzangu mezani. "Badilisheni namba za siri! Kila kitu kinachotoka kiwandani namba yake ni sifuri nne! Hata mwizi mvivu anajua!" Wao wanatafuna tu, wananipisha nimalize. Aliyewahi kunisikiliza ni Mhasibu peke yake. Aliniuliza kwa upole wake ule, "Shemeji, kweli sifuri nne tu?" Nikamsifu mbele ya wote, nikasema huyu ndiye mwanafunzi.

Na namba ya gauni niliibadilisha. Naapa niliibadilisha.

Lakini kabla hatujatoka nyumbani betri ilianza kuchoka, nikaichomoa, nikatia nyingine. Kile kidude kikikatiwa umeme kinasahau kila kitu, kinarudi kama kilivyozaliwa. Nililijua hilo. Nililisoma kwenye maelekezo yake. Ila nilikuwa na sindano mdomoni na dereva anapiga honi nje.

Mganga hajigangi, wenzangu.

Tena, wakati wa majaribio, nilimwekea kila mtu wa karibu ile programu ya kuandikia kwenye simu yake, nikitaka kusifiwa. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi na funguo nimegawa mwenyewe.

Sasa, SIMU YA MAMA. Mama yupi? Macho yangu yakaenda mstari wa mbele, kwa mama mzazi wa bwana harusi. Tumwite Mama Mhasibu. Miwani mikubwa, mkoba umekumbatiwa, mdomo umebana. Huyu aliwahi kusema mbele yangu kwamba mwanawe bado mdogo wa kuoa. Mwanawe ana kipara.

Nikamwendea nimeinama ili nisiwakinge watu. Somo letu la kwanza lilikuwa hili: usiguse kifaa cha mtu bila ruhusa yake. Nami ni mwanafunzi mtiifu.

"Mama, naomba ruhusa yako nikague kifaa chako."

"Unikague nini?" akauliza, na wala hakupunguza sauti.

Watu wakageuka.

"Simu, mama. Simu tu."

Akafungua mkoba taratibu, akanitupia kiganjani kisimu cha vitufe, tochi juu, mgongoni kimefungwa mpira ili betri isidondoke.

"Kagua, mwanangu. Na ukikuta intaneti humo ndani uniambie na mimi, nimeitafuta siku nyingi."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini nimekuwekea akiba."

Kabla sijanyanyuka, mkia ukawaka tena.

MUULIZENI TUTALALA WAPI LEO.

Hapo ukumbi ulipasuka. Vijana wa nyuma wakapiga miluzi. "Bwana harusi, jibu!" Mhasibu, maskini, alikuwa haoni kilichoandikwa nyuma ya mwenziwe. Akadhani anapongezwa. Akageuka nusu, akapunga mkono, akashukuru.

Mimi sikucheka. Nililisoma lile neno mara ya pili. Tutalala. Anayeandika ni mmoja wa wanaokwenda kulala huko!

Na hilo jina, Simu ya Mama, nilianza kulikumbuka vizuri. Kuna simu moja tu duniani niliyoipa jina hilo kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nikarudi kwa Mama mbio. "Mama, simu yako iko wapi?"

"Nimempa Kitinda anishikie."

"Bibi harusi ndiye wa kushikishwa simu?"

"Ningeiweka wapi? Gauni langu halina mfuko! La mwenzio umelitia mataa kama uwanja wa mpira, la mama yako umeshindwa kulitia mfuko mmoja!"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na nguo nimezishona mimi, zote mbili.

Nikachukua sindano na uzi kutoka kwenye pochi yangu ya vifaa, nikapiga magoti nyuma ya Kitinda, nikajifanya nashona upindo uliofumuka. Msajili alikuwa anasoma wajibu wa wanandoa kwa sauti ya mtu aliyeusoma mara elfu. Kitinda ameinamia shada lake la maua, mpole, kichwa chini, kila mtu anasifia adabu yake.

Yale maua yalikuwa yanatoa mwanga wa buluu.

"Kitinda!"

"Dada, nyamaza. Naandika."

"Umerukwa na akili?"

"Leo asubuhi mama mkwe kanipigia," akanong'ona bila kugeuza shingo. "Anauliza napenda mapazia ya rangi gani. Ya chumba chetu. Nyumbani kwake."

"Si mna nyumba yenu? Si mlikwenda kuiona pamoja?"

"Ndivyo Mhasibu alivyoniahidi. Nimempigia mwenyewe, akasema hayo tutayaongea baada ya ndoa. Nikamwambia Mama, Mama akasema nitazoea. Nikaja kwako."

"Kwangu? Lini?"

"Nimesimama mbele yako, gauni umelifunga nusu. Nimekwambia, Dada, mimi siwezi kuanza ndoa kwenye chumba nilichopangiwa na mama mkwe, nisaidie. Ukanijibu, ngoja kwanza nibadilishe betri."

Nikakumbuka. Kweli nilisema hivyo. Niliisikia sauti yake, maneno sikuyasikia, macho yangu yako kwenye waya mwekundu na waya mweusi. Roho iliniuma, nisiwafiche. Siku ya pasi niliona aibu mbele ya jengo zima, lakini aibu ya pale sakafuni ilikuwa kubwa zaidi.

"Basi sema kwa mdomo," nikamwambia. "Msajili huyo hapo."

"Kwa mdomo nimeshasema kwa watu watatu, na hakuna aliyesikia. Gauni limesema mara mbili, ukumbi mzima umesoma."

Uzi ukanipotea mkononi.

"Na kama jibu lake ni kwa mama yake," akasema, "mimi siweki sahihi, Dada. Nampenda, lakini siweki."

Kidole chake kikabonyeza.

MAMA MKWE AMESHATUNDIKA MAPAZIA.

Safari hii hakuna aliyecheka. Kiti kilikwaruza sakafu mbele. Mama Mhasibu alikuwa amesimama.

"Mapazia yana kosa gani? Mazito, yana maua, nimeyapiga pasi mwenyewe!"

"Mapazia gani tena?" Mhasibu akauliza, na hatimaye akageuka mwili mzima, akausoma mkia wa mkewe mtarajiwa. Uso ukamsawijika. "Nani kaandika hivi?"

"Mimi," Kitinda akasema, sasa kwa mdomo, na kila mtu akasikia. "Nijibu."

Mhasibu akafungua mdomo. Akamwangalia mama yake. Akaufunga. Huyu ni mtu anayeweza kubishana na wakaguzi wa hesabu kutwa nzima wala asikohoe, lakini mbele ya mama yake ulimi unalala.

Msajili akaweka kalamu chini. "Mimi nilidhani humo kwenye maua anasoma kiapo," akasema kwa masikitiko. "Haya, yamalizeni. Nina ndoa nyingine baada ya hii."

Mkia ukaanza kufifia. Betri hiyo, inakata roho. Kitinda akaanza kubonyeza kwa pupa.

Mama akafika nilipopiga magoti, akaniinamia sikioni. "Shoti, huo waya uko mkononi mwako. Uchomoe. Mwanangu mmoja anaolewa leo, usinifanyie hivi."

Ni kweli. Chini ya tai kubwa ya kitambaa kiunoni mwa Kitinda, betri ilikuwa kwenye kiganja changu. Nikivuta tu, gauni linabaki kuwa gauni. Watu watasema taa za Dada Shoti zimepiga shoti, kama kawaida yake, watanicheka, watasahau. Kitinda atabaki na karatasi mbele yake na mama wawili nyuma yake, hana pa kusemea. Jina langu baya lingemwokoa kila mtu isipokuwa yeye.

Nikachomoa.

Taa zikazimika. Wageni wakashusha pumzi. Mama akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Nikatia betri mpya.

"Shoti!"

"Nisamehe, Mama. Mkono umezoea."

Gauni likaamka, limesahau kila kitu, sifuri nne, mlango wazi. "Ingia upesi," nikamnong'oneza Kitinda. Maua yakatikisika.

"Inakataa."

"Jaribu tena."

"Dada, inasema kinatumika. Kinatumika na SIMU YA OFISI."

Tukaangalia kushoto, sote wawili kwa pamoja. Mhasibu amesimama wima kama askari, macho juu darini, jasho linamtiririka kwenye kipara. Mkono mmoja ameuficha nyuma ya koti. Kidole gumba kinakwenda kasi.

Mwanafunzi wangu huyo!

MAMA NISAMEHE. TUTAKAA KWETU.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Vijana wa nyuma wakapanda juu ya viti. Kitinda peke yake ndiye aliyekuwa haoni mgongo wake mwenyewe. "Kaandika nini? Dada, kaandika nini?" Nikamwambia sikioni. Akacheka, akalia, akanishika mkono akaubana hadi sindano ikanichoma. Na mimi machozi yalinitoka, wala si kwa sababu ya sindano.

Lakini viatu vya Mama Mhasibu vilikuwa vinakuja. Ko, ko, ko. Makofi yakazimika. Akasimama mbele ya mwanawe, akanyoosha kiganja.

"Lete."

"Mama, mimi..."

"Lete hiyo simu. Umeniambia la kuniambia mgongoni kwa mkeo, na mimi nitakujibu hapo hapo mgongoni kwa mkeo."

Akaitoa. Angefanya nini? Mama Mhasibu akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akaweka miwani sawa, akaanza kudonoa kwa kidole kimoja.

"Wewe, fundi. Nafasi ya kutenganisha maneno iko wapi hapa?"

"Huo mstari mrefu wa chini, mama."

"Na nikishamaliza?"

"Unabonyeza mshale."

Msajili mwenyewe alizunguka meza yake akaja upande wetu ili asome. Tukangoja. Kidole kikapanda, kikashuka, kikafuta, kikarudia. Kisha mshale.

SAWA.

Mama yangu alipiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu nilipofaulu darasa la saba. Mhasibu akamkumbatia mama yake, akamng'ang'ania, mabega yanamtikisika. Msajili akarudi kwenye kiti chake haraka kabla watu hawajabadilisha nia, akasukuma karatasi mbele. "Bibi harusi, weka sahihi hapa."

Kitinda akafuta machozi, akashika kalamu, akainama.

Wenzangu, kuna jambo moja kuhusu yale maneno. Yanapita polepole. Niliyapunguza mwendo mwenyewe, ili wazee wapate nafasi ya kusoma. Kwa hiyo lile SAWA lilikuwa mwanzo tu, mengine yalikuwa bado yako njiani.

SAWA. NITAHAMIA KWENU.

Vigelegele vikakatika kimoja baada ya kingine. Mhasibu akabaki mikono hewani. Mama Mhasibu akavua miwani, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba.

"Yameonekana yote, fundi?"

"Yote, mama."

"Na mapazia nakuja nayo."

Akarudi kukaa, akaweka mguu juu ya mguu.

Ncha ya kalamu ya Kitinda ilikuwa imeshagusa karatasi. Aliusikia ule ukimya. "Kaandika nini?" akaniuliza, hageuki. Sikutaka kumwambia. Nikamwambia.

Kalamu ikasimama.

"Bibi harusi," msajili akasema, "unaweka sahihi, huweki?"

"Nipe dakika moja, mzee wangu."

Kalamu hakuiachia. Mkono wake mwingine ukaingia taratibu ndani ya shada la maua, na maua yakawaka buluu.

"Dada," akaniita kwa sauti ya chini. "Bado kinatumika. Betri."

Mama, aliyekuwa amesharudi kwenye kiti chake, alinikazia macho, akatikisa kichwa polepole, usithubutu. Safari hii nilikuwa nimesikia maneno yote, ya huyu na ya yule.

Nikafungua pochi. Ilikuwa imebaki moja.